Maji Moto na Mama Mkwe

Soko la Migori,
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwa Mama Phelesia, Rusinga.

Mama mkwe wangu, kabla ya kushika kalamu nimevua kofia na kusogea kando ya njia, kama inavyonipasa. Pokea salamu zangu nikiwa hapo kando.

Huku hatujambo. Lynnet hajambo, ila mgongo unamlalamikia kwa kusimama darasani kutwa. Binti yetu Valentine yuko nyumbani, chuo kimefunga, na amerudi na nywele za rangi ambayo siwezi kuitaja kwenye barua ya heshima. Mimi naendelea kuuza mabeseni na ndoo, na kunenepa. Wiki jana mteja mmoja mwenye macho mabovu alinigusa tumboni kwa kidole akauliza tangi hili ni la lita ngapi.

Barua hii anakuletea Leonida wa omena, ambaye akija sokoni kwetu na magunia ya dagaa hao hurudi Mbita na mabeseni yangu. Lynnet ananicheka. Anasema nipige simu kama watu wengine. Nilijaribu wakati wa Pasaka, unakumbuka. Uliposema "Halo" nilisimama wima katikati ya duka, nikakusalimu mara tatu, nikasahau neno linalofuata, nikakata. Kwetu Kisii tunaita chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya mtu na wakwe zake. Nyinyi Wajaluo mna jina lenu, lakini sheria ni zilezile: mkwe hampi mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, wala hawalali chini ya paa moja. Simu inaleta sauti ya mama mkwe mpaka ndani ya sikio, na huko ni karibu mno. Karatasi haijakatazwa na mtu.

Sasa jambo lenyewe. Leonida anasema ulianguka kwenye ngazi za kanisa mwezi wa tatu. Wewe ulimwambia Lynnet kwamba "ulikaa kidogo". Mama, mtu aliyekaa kidogo hainuliwi na katekista Fanuel akisaidiwa na kwaya. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba chini ya milima ya Homa, upande wa Karachuonyo, kuna chemchemi za maji moto, na watu wenye magoti kama yako huenda kuyakanda wakarudi wanatembea kwa madaha. Shule zikifungwa Agosti, Lynnet anaona twende sote likizo. Siku ya kwanza maji moto. Siku ya pili tupitie Ndhiwa mpaka Thimlich Ohinga, kuona maboma ya mawe ya watu wa kale. Wazungu wanavuka bahari kuja kuyaona, na mimi ninayeishi jirani sijawahi kuona ukuta mrefu kuliko rundo la ndoo zangu.

Ni Lynnet aliyepanga yote. Mimi kazi yangu ni kubeba mizigo.

Mkweo, aliyeinamisha kichwa,
Motari, Baba Valentine


Rusinga,
Jumapili, 16 Juni 2024

Baba Valentine, mkwe wangu,

Barua yako ilifika ikinuka omena, nikaisomea nje ili upepo wa ziwa unisaidie. Salamu zimefika zikiwa nzima. Nami nakusalimu kutoka hapa mlangoni, uso nimeugeuzia upande.

Hapa tuko salama. Viazi vitamu vimekubali mwaka huu. Kiboko alipanda kutoka ziwani akala mahindi ya jirani, yangu akayaruka. Sijui ni heshima au ni ubovu wa mahindi yangu. Mwambie Valentine nywele za rangi si dhambi, mimi pia ujanani nilipaka kitu, ila sikumwonyesha baba yangu.

Moyoni unauliza kwa nini nimekaa mwezi mzima bila kujibu. Nilikuwa na shughuli.

Kuhusu ngazi za kanisa, Leonida huuza omena kwa mkebe na maneno kwa gunia. Mwache.

Sasa safari yako. Mkwe na mama mkwe kwenda kuoga. Nimejaribu kulisema jambo hilo kwa sauti nikiwa peke yangu nikashindwa kulimaliza. Nikimwambia padri atacheka kwanza, asikitike baadaye. Kisha kuna siku zenyewe. Wewe Msabato huwezi kusafiri Jumamosi, mimi Mkatoliki Jumapili siachi misa, kwa hiyo Mungu ametuachia Jumatatu mpaka Ijumaa. Na kwenye gari tutakaaje? Sitakaa na wewe kiti kimoja, wala sitakaa nyuma yako nikitazama kisogo chako njia nzima.

Hata hivyo magoti yamesikia habari ya maji moto, na tangu hapo hayaninyamazii.

Nina swali moja. Lynnet nilimzaa mimi na kumlea. Akitaka kitu huja akanisemea usoni mpaka nimpe. Kupanga mambo kwa kuzunguka hajui. Je, safari hii kweli ni yake?

Mama yako,
Phelesia


Migori,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mama yangu mheshimiwa,

Nakuamkia kwa mbali, na kutoka mbali hukohuko nakushukuru kwa viazi alivyoleta Leonida. Tulivila siku mbili. Mimi nilikula sehemu kubwa, na Lynnet ameniomba niandike hivyo ili ujue ni nani wa kulaumiwa vikitakiwa vingine.

Mambo uliyouliza yamepata majibu. Gari ni Probox ya James, jirani yetu hapa, dereva asiye na haraka. Wewe utakaa mbele. Lynnet na Valentine katikati. Mimi nitakaa nyuma kabisa kwenye mizigo, nimegeukia dirisha la nyuma, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hutaniona kisogo, nami nitaona tu tulikotoka. Kule maji moto nimeulizia: wanawake wana upande wao na wanaume wao, katikati kuna mawe makubwa. Usiku tutalala Homa Bay mjini, nyinyi wanawake nyumba moja ya wageni, mimi na James nyingine, barabara nyingine. Tutaondoka Mbita Jumatatu tarehe kumi na mbili Agosti, baada ya Jumapili yako na mbali na Jumamosi yangu.

Swali lako la mwisho nimempelekea Lynnet. Alikuwa anasahihisha mitihani, hakunisikia vizuri.

Ubebe nguo za kutosha, Mama. Na shuka, kama tano hivi. Na lile blanketi lako zito, na picha ya marehemu Baba iliyo ukutani. Huko kuna baridi.

Mkweo wa kwenye mizigo,
Motari


Rusinga,
Jumapili, 28 Julai 2024

Baba Valentine,

Salamu. Sisi wazima, kuku wazima.

Baridi, kwenye maji moto. Sawa. Shuka tano, kulala usiku mmoja. Sawa. Na marehemu mume wangu naye anahitaji likizo, atolewe ukutani. Nimekuwa mwalimu wa chekechea miaka mingi, mkwe wangu, na watoto wadogo ndio waongo hodari kuliko wote. Huwa wanaongeza neno moja tu zaidi ya linalohitajika.

Nitakuja. Shuka ni moja. Kuku nimewaambia narudi Jumatano.

Phelesia


Rusinga,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Baba Valentine, mkwe wangu,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Nilirudi salama, kama Lynnet alivyokwambia, na kuku nilikuta wote isipokuwa mmoja aliyekuwa na tabia ya kutembea.

Nimekaa siku nyingi nikiwaza nikuandikie nini. Nimeona nianze na siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ilikuwa tamu.

Sijui kama ulitazama vizuri mahali pale. Ardhi ni nyeupe kama iliyomwagiwa unga, kwa ile chumvi ambayo ng'ombe hupelekwa kulamba. Maji yanachemka kati ya mawe yakinung'unika kama wazee wasioafikiana. Yule mwenyeji wetu, Bathsheba, alitupeleka wanawake nyuma ya mawe, kwenye kishimo ambako maji ya moto yanakutana na kijito cha baridi, akanifundisha: "Anza na nyayo, Mama. Ukishazoea, mashavu ya miguu. Usiingie kama mtu anayekimbizwa." Nilianza na nyayo. Nilipofika magotini nilisahau kwamba magoti ni yangu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilikunja mguu na kuukunjua bila kuomba ruhusa. Valentine alinimwagia maji mgongoni kwa kopo. Lynnet alilala majini amefumba macho, mtoto wangu yule asiyetulia. Nikaanza kuimba.

Wewe ulikuwa umetumwa kuchemsha mayai kwenye chemchemi ile kali. Hayo ndiyo niliyojua.

Sasa nikiwa katikati ya wimbo, upepo ukasukuma mvuke pembeni, nikaona beseni. Beseni la kijani, kubwa, lile la kufulia mablanketi. Lilikuwa linatembea lenyewe kando ya mawe, likiwa limefunikwa juu chini. Lilikuwa na miguu. Sikuitazama miguu, mimi ni mtu mzima. Beseni likajigonga kwenye jiwe, likasema "Yesu" kwa sauti ya Kikisii, likashika njia yake mpaka likapotea.

Kwa hiyo niliona beseni. Nikiulizwa na wazee wa ukoo nitasema beseni. Ningekuwa nimeona mtu, ingebidi mbuzi achinjwe, watu waitwe, mambo yasemwe kwa sauti mbele ya umati. Beseni halina ukoo.

Siku ya pili siiandiki mimi. Iandike wewe, yote tuliyosema pale, nione kama ulisikia vizuri. Halafu nitajua la kukujibu.

Mama yako,
Phelesia


Migori,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mama yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi, na leo nimerudi nyuma hatua chache zaidi ya kawaida kabla ya kuzitoa.

Lynnet hajambo. Valentine amerudi chuoni. James anakusalimu, na amekataa kuacha kucheka. Kila akipita dukani ananiambia, "Mzee, wewe ndio mtu ya kwanza kuvaa beseni kama suti."

Kuhusu beseni, ninauza mengi, siwezi kujua kila moja linakwenda wapi. Naweza kukisia tu. Inawezekana mfanyabiashara fulani mnene alimaliza kuchemsha mayai, akaona kishimo safi cha maji kisicho na mtu, akashukuru Mungu, akavua nguo akaziweka juu ya jiwe. Inawezekana hakujua kwamba jiwe lilelile upande wa pili ni la wanawake. Alipokuwa ameloa mpaka shingoni akasikia wimbo wa kanisa kwa sauti anayoifahamu, na nguo zake zilikuwa upande wa wimbo. Mtu kama huyo angefanya nini? Angeshukuru kwamba amebeba bidhaa.

Sasa siku ya pili, kama ulivyoagiza.

Tulifika Thimlich kabla ya jua kali. Willis, anayeongoza wageni, alituonyesha jinsi mawe yalivyopangwa bila tope wala simiti, moja juu ya jingine, na bado yamesimama karne kwa karne. Akatuonyesha ule mlango mfupi unaomfanya kila anayeingia ainame. Nyinyi mliinama mkapita. Mimi niliinama, nikapita nusu. James alinisukuma, Willis akavuta, na Valentine akapiga picha ambayo nimemwomba aifute, na ninajua hakuifuta.

Ndani ukauliza, "Na mkwe akija hapa, alikuwa anakaa wapi?"

Willis akacheka. "Mama, hiyo hawakutuandikia. Lakini kuta za ndani ni hizi, kila moja na mlango yake."

Ndipo Valentine, kwa mapenzi tu, akakuambia wewe bibi yake, "Dani, hii si kitu. Ngoja uone chumba chako Migori, tumekipaka rangi ya maziwa."

Ukasema, "Chumba gani?"

Lynnet alinitazama mimi. Mimi nilitazama mpungate uliosimama kando ya ukuta. Wewe hukungoja jibu. Uliinama ukaingia kwenye kiboma kidogo cha ndani, peke yako, kwa magoti yaleyale ambayo jana yake hayakukubali kupanda gari. Tulidhani unalia. Lynnet akataka kukufuata, ukasema, "Sijakuita wewe." Halafu ukaniita mimi.

"Baba Valentine."

"Naam, Mama."

"Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa. Mimi nimekaa. Ukuta huu hauonyeshi kitu."

Nikakaa, mgongo wangu kwenye mawe, wako upande wa pili. Miaka yote hii nikiwa mkweo hatujawahi kuzungumza kwa mdomo zaidi ya salamu.

"Nani alitaka nihamie Migori?"

"Sote, Mama."

"Sijauliza kwaya. Nauliza aliyeanzisha wimbo."

"Ni mimi."

"Nilijua. Angekuwa Lynnet angekuja na lori mchana." Ukauliza, "Kwa nini?"

"Leonida alisema ulilala pale ngazini mpaka watu wa misa ya pili wakaja."

"Sikulala. Niliita. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, hakuna aliyenisikia." Nikadhani umemaliza. Ukasema, "Na mwezi wa tano nilianguka tena, nyumbani, penye banda la kuku. Hiyo Leonida haijui. Kuku walisimama wakanitazama. Ndiyo shughuli iliyochelewesha barua yako."

"Ndiyo maana nataka uje, Mama."

"Nije nilale chini ya paa lako? Asubuhi nikitoka nikukute umejifunga taulo unatafuta mswaki? Nitatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba ya mkwe mpaka siku ya kufa, nikiogopa hata kuangusha kijiko. Kwangu naanguka, sikatai. Lakini naanguka kwangu."

Nilikuwa nimepanga rangi, kitanda, taa ya kuwasha ukiwa umelala. Hilo la kijiko sikuwa nimelipanga.

Halafu, sijui ni mimi au ni wewe, tukaanza kuzungumza mengine. Ukanisimulia jinsi marehemu Baba alivyonicheka nilipokuja kuposa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa. Nikakuambia nilidhani hakuona. Ukasema, "Aliona kwanza viatu, ndipo akakuona wewe." Tulicheka mpaka Willis akaja kuuliza kama tutalala hapo. Ukatoka, uso umeugeuzia kwingine kama sheria inavyotaka, ukamwambia James, "Nirudishe Mbita." Ukaondoka na Lynnet. Mimi na Valentine tukarudi Migori kwa pikipiki mbili, beseni likiwa kichwani kwangu maana jua lilikuwa kali.

Kile chumba nimekifunga. Sitakuuliza tena juu ya kuhama. Rusinga ni kwako, na nilikosea kukuzungusha kama mzigo. Lakini sitakudanganya kwamba nimeacha kuogopa. Kila Leonida anaposhuka na magunia namtazama usoni kabla sijatazama omena.

Mkweo,
Motari


Rusinga,
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Baba Valentine, mwanangu,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa mezani, kwa kuwa najua ndipo mnapopatikana kwa urahisi.

Ulisikia vizuri. Umesahau tu kuandika kwamba nilipotaja kuku walionitazama ulipenga kamasi kwa kelele. Au hilo nalo lilikuwa beseni?

Nimewaza. Nimemwambia Fanuel, ambaye ni katekista na hufunga mdomo vizuri kuliko Leonida. Nilichogundua ni hiki: siku ile nyuma ya mawe nilikuwa nimekaa karibu nawe kuliko siku yoyote, wala sikuona haya. Siiogopi Migori, na wewe sikuogopi. Naogopa nyumba ambayo haina ukuta.

Kwa hiyo sikiliza. Chumba chako cha rangi ya maziwa mpe Valentine. Nijengee kijumba pale nyuma, penye migomba, kiwe na choo chake na mlango unaotazama ile barabara ya kule, usikutane na mlango wako. Kati yetu pawe na ukuta. Uwe mrefu wa kuzuia macho, usiwe mrefu wa kuzuia masikio. Mvua za Machi zikikaribia narudi Rusinga kupanda, na mtu asinishike sketi. Nyumba yangu itabaki wazi, mke wa Fanuel ataangalia kuku.

Na sihamii. Nitakuwa likizo. Ukiulizwa sokoni, ujibu kwamba mama mkwe wako amekuja likizo.

Phelesia


Migori,
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mama yangu mheshimiwa,

Nakuamkia. Lynnet alisoma barua yako, akaketi sakafuni, akaisoma tena. Kisha akaniuliza kwa nini hayo hakuambiwa yeye. Nikasema hapakuwa na ukuta.

Kijumba kimekwisha, bati limepigwa, mlango unatazama barabara ya kule. Kuhusu ukuta kulikuwa na kuchelewa kidogo. Baada ya kuona Thimlich nilijiona fundi wa kale. Nilinunua lori la mawe nikaamua kuyapanga mwenyewe, bila simiti, kwa heshima ya mababu. Siku ya kwanza ulifika kiunoni, nikaita majirani waje watazame. Siku ya pili uliangukia tangi langu jipya la maji, bidhaa iliyokuwa nzuri kuliko zote dukani. Fundi Omanga alikuja, akauzunguka mlima ule wa mawe, akasema, "Mzee, hao watu wa zamani walikuwa wengi na hawakuwa na haraka. Wewe uko peke yako na una presha. Lete simiti." Nikaleta.

Tumeujaribu. Valentine, aliyekuja wikendi, alikaa upande wako akazungumza sauti ya kawaida na rafiki yake kwenye simu, na mimi upande wangu nilisikia kila neno, pamoja na anavyonieleza kwa watu. Masikio yanapita. Macho hayapiti, hata nikipanda ndoo. Niliipanda kwa ajili ya majaribio tu. Imevunjika.

James atakuja Mbita Jumatatu tarehe tisa Desemba. Mimi sitakuwemo garini, utaweza hata kunyoosha miguu kwenye kiti cha nyuma. Beba shuka unazotaka wewe.

Mkweo,
Motari


Migori, ng'ambo ya ukuta wako,
Jumanne, 17 Desemba 2024

Baba Valentine,

Salamu. Za kwenu nazisikia, kwa hiyo siulizi. Najua Lynnet ameamka na mgongo, najua umetafuta soksi, najua redio yako inapenda siasa kabla ya chai. Ipunguze.

Kijumba ni kizuri. Jana nimepika samaki, mbuta kwa nyanya, nikaweka sahani juu ya ukuta, nikaingia ndani na kufunga mlango kama sheria inavyotaka. Nilipotoka sahani ilikuwa imerudi, imeoshwa, au imelambwa. Si kazi yangu kuchunguza. Miaka yote hii hujawahi kula chakula changu kikiwa cha moto.

Leo asubuhi nimejikwaa penye jiko. Sikuanguka, nilikaa. Sawa, nilianguka, lakini polepole, na sufuria ikanitangulia. Kabla haijamaliza kuzunguka sakafuni nikasikia upande wako kiti kinasukumwa, na sauti yako ikauliza, "Mama, ni sufuria au ni wewe?"

Nikajibu, "Ni sufuria."

Ukasema, "Haya."

Nikainuka mwenyewe, nikakung'uta sketi. Sijafika kwenye kiti, Lynnet akawa mlangoni. Akasema amekuja kuazima chumvi. Mkononi alikuwa na chumvi.

Nilimkaribisha, tukanywa chai mpaka akachelewa shughuli zake. Ndipo nikachukua kalamu nikuandikie, maana kuna neno siwezi kulisema hata mbele ya ukuta. Rusinga niliita sana kwenye zile ngazi, mwanangu. Hapa hata sikuita.

Nampa Lynnet karatasi hii aizungushe kwa barabara. Ukiisoma usinijibu, usiende kutafuta kalamu. Kohoa tu mara moja. Nimekaa hapa chini ya migomba, nitasikia.

Mama yako, aliye likizo,
Phelesia